Msimcheke Mama Blanketi

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu wa kitanda ambako jua linaingia, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali nami sina nguvu ya kuifuata. Mlango uacheni wazi kidogo, nataka nimwone mama yenu akitoka bustanini kabla yeye hajanisikia. Nimewaita sasa hivi kwa sababu yuko huko na magunia yake, na haya ninayotaka kusema yanamhusu yeye, nanyi mnamjua: akisikia anasifiwa huanza kuosha vyombo ambavyo vimekwisha oshwa.

Sikilizeni. Daktari amesema lake, kifua changu nacho kimesema lake, na safari hii hao wawili hawapingani. Sina kinyongo. Nimekula, nimecheka, nimejenga nyumba za watu na watu wakalala ndani zisiwaangukie, nimezika na nimezaa, na leo watoto wangu watatu mmekaa mbele yangu na hakuna anayemnunia mwenzake, walau hapa ninapowaona. Nitake nini tena? Kuna jambo moja tu linaloninyima usingizi, na ndilo nitakalolizunguka mpaka nilifikie, kwa hiyo msinikatize. Mzee akikatizwa huanza upya, nanyi mna safari.

Jana mlikuwa jikoni mkidhani nimelala. Ukuta ule niliujenga mwenyewe, wa tofali jembamba, najua unapitisha nini. Nimekusikia wewe, Mkubwa, binti yangu wa kwanza, ukisema kwamba mimi nikishaondoka mama asiachwe kwenye baridi hii, utamchukua ukae naye huko chini kwenye joto, chumba unacho, na vyerehani vyako utavihamishia sebuleni. Nikakusikia na wewe, Dereva, ukisema lori lako linapita njia hii kila mara, vitu vyake vitapanda vyote mpaka kinu, na nyumba itafutiwa mnunuzi kabla mabati hayajaota kutu. Nawe kitinda mimba wangu, mwalimu, ulikuwa unapenga kamasi tu, na kupenga kamasi kwako nakujua tangu ukiwa mdogo. Wanangu, nilifurahi mpaka nikalia. Wapo wazazi wanaosikia watoto wakigombania mabati, mimi nimesikia watoto wakigombania kumtunza mama yao. Mungu awazidishie. Lakini nilipomaliza kulia nikaogopa. Mnataka kumng'oa mtu mzima mkampande kwenye udongo mwingine, na hamjui kung'olewa ni nini, kwa sababu nyie mlipong'olewa mlikuwa miche bado, mlishika mizizi ndani ya msimu mmoja. Mimi nilikuwa mti.

Mkubwa na Dereva, nyie mnakumbuka kidogo. Kitinda mimba hukuwapo, sikiliza kwa masikio mawili. Marehemu mama wa hawa wenzako alitutoka kule kwenye joto, na kazi za ujenzi zikakauka mwaka uleule, nikasikia kwamba huku juu wanajenga kiwanda cha maziwa na wanatafuta mafundi. Nikafunga mzigo. Na mzigo gani! Mikeka miwili, shuka moja moja, chandarua, na pipa la kuwekea maji yapoe. Pipa la kupoza maji, wanangu, nalipeleka mahali ambapo maji ya bomba yanauma meno. Tulishuka kwenye basi jioni, Dereva kavaa kaptula, na mwanamke mmoja pale kituoni akamtazama kisha akanitazama mimi kama mtu anayeona mtoto kabebwa miguu juu. Wanasema aisifuye mvua imemnyea. Baridi hii ninayoisifu leo ilininyea mimi kwanza, tena ilininyea pamoja na watoto wa watu.

Nilipopata kiwanja hiki nikajenga nyumba, nikajenga upesi, nikajenga vizuri. Tatizo ni kwamba fundi hajengi kwa macho, hujenga kwa mkono, na mkono wangu ulikuwa umezoea joto. Madirisha makubwa niliyaelekeza kule upepo unakotoka, ili upepo uingie. Ukaingia! Juu ya kila ukuta nikaacha matundu ya hewa, kwa mistari, yamepangwa kama meno ya mtoto, mafundi wenzangu wa hapa wakanyamaza kwa adabu. Baraza nikaiweka upande wa kivuli, ambako jua halifiki mwaka mzima. Dari sikuweka, maana kule kwetu dari ni nyumba ya panya. Basi asubuhi mabati yalikuwa yanatoka jasho kwa ndani, yanatudondokea usoni tukiwa tumelala, na mimi najisemea kwamba mvua za huku ni za ajabu, zinanyesha ndani tu.

Na desturi zetu tulikuja nazo zote, hatukusahau hata moja. Mkubwa aliamka alfajiri akafagia uwanja mpaka udongo ukabaki mtupu, unang'aa, kwa sababu kule kwetu uwanja wenye majani ni mwaliko wa nyoka. Nguo tulifua jioni zikauke usiku. Asubuhi tukazikuta zimekakamaa kwenye kamba, shati langu limesimama lenyewe kama mtu anayesubiri kuhojiwa. Chandarua nikakitundika, na hakuna mbu, wala mbu hajawahi kufika hapa. Madirisha tuliyafungua magharibi ili nyumba ipoe kabla ya kulala. Ipoe! Na bustani, wanangu, bustani niliimwagilia jioni. Mtu wa joto anajua hilo hata usingizini: ukimwagilia mchana, jua linakunywa kabla ya mche, ukimwagilia jioni, mche unakunywa usiku kucha kwa raha zake. Nilimwagilia jioni kwa moyo mweupe kabisa, na asubuhi nikakuta nyanya zangu na mchicha wangu vimelala chini, vyeusi, vimenyong'onyea kama vimemwagiwa maji ya moto. Nikapanda tena. Nikamwagilia tena, tena nikaongeza maji, nikidhani ni kiu.

Sasa ng'ambo ya ua alikuwa akiishi mwanamke aliyekuwa anauza miche. Kila jioni, jua likianza kulegea, alitoka na mablanketi yaliyochakaa na magunia, akafunika vitalu vyake kimoja kimoja, akachomeka pembeni kama anayelaza watoto. Nyie wawili mlikuwa mnachungulia kwenye ua mnakufa kwa kicheko. Dereva ndiye aliyempa jina, "Baba, njoo umwone Mama Blanketi anaimbia kabichi!" Nami nilicheka, kwa nini nisicheke, kule kwetu blanketi ni kitu cha hospitali. Jina likashika mtaa mzima, akaitikia mwenyewe, na mpaka leo ukiuliza jina lake halisi sokoni watu wanakuna vichwa.

Siku moja alisimama kwenye ua akatazama uwanja wetu uliofagiliwa, akatazama miche iliyokufa, akatazama miguu ya hawa watoto isiyo na viatu. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Fundi, maji unawapa saa ngapi?" Alisema "unawapa", kana kwamba miche ni ndugu zangu. Nikamweleza, tena kwa kirefu, kama mtu anayefundisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kule kwenu ni sahihi. Huku jaribu asubuhi, jua likishafika kwenye njia." Basi, akaondoka. Mwanamke huyo tangu siku hiyo hajawahi kuniambia "nilikwambia", na nafasi amezipata nyingi kuliko nywele zangu. Nipeni maji kidogo.

Asante.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yeye jembe hakunipa hivi hivi, alinionyesha na pa kulishikia. Alinionyesha kwamba huku maji ya jioni huganda usiku kwa baridi, yakaunguza mche. Alinionyesha kwamba huku uwanja haufagiliwi ukabaki uchi, udongo nao unaona baridi, unatandikiwa nyasi kavu na majani. Mkubwa alilia siku hiyo, unakumbuka? Ulisema watu watatuona wachafu. Alinionyesha kwamba nyumba hufunguliwa mchana jua likiwa kali, ikanywa joto, kisha hufungwa mapema, kabla jioni haijajua. Kwamba nguo hufuliwa asubuhi. Kwamba unga na mboga havikimbizwi kuliwa siku ileile, huku chakula kinakungoja. Na mpapai wangu, ule niliotoka kwetu na mbegu yake mfukoni, alinisaidia kuutunza kwa miaka, ukiwa umefika magotini na majani matatu, hausongi mbele wala haufi, hakunishauri niung'oe hata siku moja. Nilipoung'oa mwenyewe alikuja akasimama nami kama watu wanavyosimama msibani. Wengine watasema ni mpapai tu. Yeye alijua ni kwetu.

Lakini deni kubwa nililonalo kwake silo la mboga, na hili Mkubwa unalo kichwani ingawa hupendi kulitaja. Ilikuwa mchana wa mvua na baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimechoka na yale matundu ya hewa, nikayaziba yote kwa matambara na udongo, nikafunga madirisha, na kwa kuwa nyie mlikuwa mnatetemeka nikaingiza jiko la mkaa chumbani, mkaa umeshika vizuri, hauna moshi. Kule kwetu, wanangu, nani amewahi kuota mkaa ndani ya chumba kilichofungwa? Jiko linakaa nje, nyumba iko wazi kama kapu. Sikujua kwamba mkaa unakula hewa. Mlilala, nami kichwa kikawa kizito, nikajiegemeza ukutani, nikaona raha. Yeye alikuwa upande wake akiniona nikiingiza jiko, akangoja anione nikilitoa, hakuniona. Akaruka ua. Mwanamke mwenye heshima zake, na gauni lake, akaruka ua, akavunja kitasa nilichokiweka kwa mikono yangu, akawaburuta nyie mmoja mmoja kwa makwapa mpaka nje kwenye mvua. Mimi alinipiga makofi. Makofi matamu yale, nikiyakumbuka hata leo shavu linawaka. Kwa hiyo mtu akiwauliza nani aliwazaa, Mkubwa na Dereva, semeni mlizaliwa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa matopeni, mikononi mwa Mama Blanketi.

Nilimjengea ukuta. Nilikuwa sina kitu kingine cha kumpa, mimi ni fundi, nikamjengea ukuta mrefu wa mawe unaotazama jua linakotua, upate moto tangu adhuhuri na kuurudisha usiku kwenye vitalu. Nikapima kwa timazi mara mbili mbili kana kwamba najenga benki. Alipouona aliweka kiganja juu ya jiwe jioni, likiwa bado la moto, hakukiondoa mpaka giza likaingia. Ndiyo posa yangu ile, nyingine ilikuwa maneno tu. Kaka yake, mjomba wenu seremala, hakunipenda. Alisema dada yake hawezi kuolewa kwenye banda la kuku lenye madirisha. Nikamjibu kwamba milango yake haifungi hata ikiombwa. Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuzungumze kwa kupitia watu wengine mpaka tumezeeka. Na bado, dada yake alipokwisha kuolewa, huyohuyo seremala alikuja bila kusalimia akapima madirisha yangu yote ya upande wa upepo, akayapunguza, akaweka vibao vya kuyafunika, akaweka dari nyumba nzima. Dirisha hili mnaloona, ambalo jua linaingilia hapa kitandani, ni mama yenu aliyesema livunjwe hapa. Ile baraza ya kivuli akaihamishia mbele. Zile nyasi, ule ua mnene wa kuzuia upepo, kila kitu. Nyumba niliyoijenga mimi haipo tena, wanangu. Hii mnayoiita nyumba ya baba ni yake, mimi nilimletea tofali.

Ndiyo maana nilipowasikia jana nikaogopa. Nikajiuliza, mtu aliyeipa kila kona ya hapa saa yake ya kufunguliwa na saa yake ya kufungwa, mtamketisha kwenye sofa la Mkubwa, feni linazunguka, hajui hata lini ni jioni? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nyie mnauona mzigo huu mwepesi kwa sababu mmeupangia lori. Kwa hiyo nimekusudia kuwaambia hivi, na nimeshakwisha kumwambia balozi wa mtaa na jirani wa mbele wawe mashahidi: nyumba isiuzwe, mama yenu asihamishwe, abaki hapa hapa kwenye baridi yake, na mwalimu abaki naye. Nilitaka niseme hivyo, nifunge maneno, nilale.

Lakini huyo anakuja. Sikieni ndala. Msitoke, kaeni palepale, wala msijifanye mnazungumza habari za mpira.

Njoo, mama watoto. Weka ndoo chini. Hapana, uji baadaye, njoo ukae hapa miguuni, hawa wana jambo lako wanalipika jikoni, na mimi nina jambo lako ninalipika kitandani, na sisi sote hatujakuuliza. Wao wanataka wakupeleke kwenye joto ukakae na Mkubwa mimi nikishaondoka. Mimi nilikuwa naandaa kuwakataza. Usiangalie ukuta, niangalie mimi. Wewe unatakaje?

Mmemsikia? Kitinda mimba, acha kulia, utamfanya mama yako anyamaze. Mmesikia anachosema? Rudia, mama watoto, fundi wako hapa masikio yake yameingia vumbi, rudia polepole.

Anasema anataka kwenda.

Basi mimi ni nani? Anasema miaka yote hii amenisikiliza nikisimulia watu wanavyolala madirisha wazi, wanavyokaa nje hata kukiwa na giza na hakuna anayevaa sweta, na kwamba alikuwa anajua naongeza chumvi lakini alitaka aone mwenyewe chumvi ni kiasi gani. Anasema anataka alale walau mara moja katika maisha yake bila soksi. Halafu amesema lile lingine, lile la chini chini, ambalo nadhani hamkulisikia, ngoja niliseme mimi kwa kuwa yeye ameinama: anasema hapa kila kitu alikuwa anakifunika kwa ajili ya mtu, na mimi nikiondoka, atamfunikia nani, kabichi peke yake? Nami nilikuwa nimemfungia hapa kwa wosia! Mimi niliyetoka kwetu na mbegu mfukoni, nimesahau kwamba na yeye ana miguu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine unayaona ukiwa umekwisha lala chali.

Haya, balozi wa mtaa ataambiwa nimebadili. Andikeni vichwani mwenu, sitarudia, pumzi inauzwa ghali sasa.

Nyumba haiuzwi. Hilo halijabadilika. Inabaki ya mama yenu, mwalimu akae ndani, jiko liwake, blanketi zianikwe, ili siku yoyote akisema amechoka na joto apande lori la Dereva arudi akute kitanda chake kimetandikwa, bila kueleza sababu, bila kuitiwa kikao. Mtu aendaye akijua ana pa kurudi hutembea wima. Mimi sikuwa na pa kurudi, ndiyo maana nilining'inia kwenye mpapai.

Vifaa vyangu: mwiko, pima maji na timazi ni vya Mkubwa. Usishangae, Dereva, dada yako ndiye aliyenikorogea udongo wa ukuta wa mama yenu, na kwa jicho la mstari hakuna mwanamume aliyemzidi kwenye nyumba hii. Wewe chukua pipa, lile la kupozea maji, bado zima, lirudishe kwenye joto kwao. Ngazi iliyoegemea jikoni si yangu, ni ya mjomba wenu seremala, aliiacha siku aliyomaliza dari na hakuifuata kwa sababu ya kutosemeshana. Mpelekeeni leo, msingoje msiba, mwambieni fundi anasema milango yake inafunga. Akija nitafurahi. Asipokuja, ngazi na ikae kwake, ugomvi ufe mikononi mwangu, asiurithi mtoto yeyote.

Sasa hili la mwisho ndilo zito, na nawaambia Mkubwa na Dereva zaidi, maana nyie ndio wenyeji wa huko anakokwenda. Mama yenu ni hodari hapa, kule atakuwa mjinga. Ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho, ndiyo, lakini mpeni muda wa kulifumba. Atamwagilia asubuhi, mche utanyauka mchana, atafikiri ni ugonjwa. Atafunga madirisha jua likiwa bado liko juu, nyumba itakuwa tanuri, nanyi mtaloa jasho. Fungueni moja, kesho la pili, msimfungulie yote akaona mnamfukuza. Atatandika nyasi uwanjani na majirani watasema anafuga nyoka. Mkubwa, wewe ndiye uliyelia siku ya nyasi zetu, wewe ndiye utakayewaeleza. Atakunja blanketi miguuni mwa kitanda kila siku na hatalitumia, liacheni. Joto likimnyima usingizi, lowesheni sakafu, mtandikieni mkeka, kama nilivyowafanyia nyie mkiwa wachanga. Na mpeni udongo, wanangu. Hata kama ni kipande cha uwanja kwenye mlango wa nyuma, hata kama ni mikebe. Mkubwa, usimketishe, mtu anayekalishwa hufa haraka. Kabichi zake za kwanza zitakufa. Msizing'oe kisirisiri mkapanda nyingine kumfurahisha, mwacheni azione zimekufa, kupotea njia ndiko kujua njia. Yeye akiwauliza, ndipo mseme. Mseme kama yeye alivyosema na mimi: kule kwako ni sahihi, huku jaribu hivi. Mkiongeza hata neno moja la kejeli, mkimcheka mbele ya watu, mkamwambia "tulikwambia", basi yale matope ya mvua ile mmeyasahau, na mimi nitajua hata huko nitakakokuwa.

Wala msilipe. Fadhila yake hailipwi, mtajichosha bure. Fanyeni tu zamu. Yeye amemaliza zamu yake ya kufundisha, sasa yenu inaanza.

Mimi nizikeni hapa, kule kwenye joto msinirudishe, nilikwisha kuzoea. Msifagie kaburi likabaki tupu. Mmenielewa, udongo wa huku unataka kitu juu yake.

Inameni nione nyuso... Mkubwa, mwanangu, Mungu akupe mkono wa kushona na wa kujenga, na nyumba yako isikose mtu mzima wa kukusumbua. Dereva, uende salama na urudi salama, barabara ikujue, na mlima usikukatalie. Kitinda mimba... wewe umebaki na wazee muda wote, ukikosa safari za wenzako, umetupikia, umetufungia madirisha. Mungu akufungulie. Watoto wenu wawapende kama nyie mlivyonipenda jana jikoni, mkidhani nimelala. Nawashukuru. Nimewashukuru vya kutosha? Hapana, bado, lakini pumzi...

Nendeni sasa. Nendeni mkale, uji umepoa. Pelekeni ile ngazi.

Wewe, mama watoto, usiende nao. Wewe baki kidogo.